Vitamini C isiishie njiani: mwongozo wa jikoni kutoka Uyole

Wanaofuga simbilisi huku kwetu wanalijua jambo hili hata kama hawajawahi kulisikia jina lake. Ukimlisha simbilisi pumba na makombo ya ugali peke yake, bila majani mabichi, baada ya wiki mbili tatu ataanza kulegea. Manyoya yanasimama, viungo vinavimba, ukimshika analia. Sungura wa banda la pili, anayekula pumba hizohizo, anaweza kukonda lakini ugonjwa huo haupati. Sungura anajitengenezea vitamini C mwilini mwake, kama mbuzi, kama ng'ombe, kama kuku. Simbilisi hawezi, na binadamu naye hawezi.

Kilichotukosa ni kimeng'enya kimoja tu, kile cha hatua ya mwisho ya kugeuza sukari kuwa vitamini C. Kwa ajili ya hicho kimoja tunalazimika kuila yote tunayoihitaji, na mwili hauweki akiba kubwa: mtu asiyeipata kabisa huanza kuona dalili za kiseyeye, yaani ugonjwa wa kukosa vitamini C, baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Mwaka 1907 Wanorwei wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakichunguza ugonjwa mwingine kabisa, wakakuta kiseyeye kilekile kilichokuwa kikiwamaliza mabaharia. Wangemchagua sungura wasingeona kitu.

Mimi nilifundisha Sayansi Kimu katika sekondari za Iringa, baadaye Mbeya, hadi nilipostaafu. Sasa nina kibanda cha chakula Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ile ya Tunduma. Wateja wangu ni madereva wa malori, wanafunzi wa kilimo na wafanyabiashara wa viazi. Niliowafundisha wakipita huniita "Mwalimu" kwa sauti mbele za watu, halafu wanaomba wapunguziwe bei. Ninachoandika hapa ndicho ninachofanya jikoni. Nyanda za Juu Kusini vitamini C inaota hadi kwenye mitaro ya barabara. Inatupotea kati ya shamba na sahani, tena kwa tabia chache ambazo unaweza kuziacha wiki hii bila kutoa shilingi.

Kiasi chenyewe

Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo (FAO) wanapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, 55 kwa mjamzito, 70 kwa anayenyonyesha. Wamarekani wako juu zaidi: 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume, na mvuta sigara aongeze 35 juu ya hapo, maana moshi unaimaliza haraka. Madereva wangu wengi wako kundi hilo la mwisho, na chakula chao cha njiani kuanzia Dar es Salaam hadi mpakani ni chipsi na nyama choma. Usisumbuke sana na tofauti ya hesabu hizo. Miligramu 10 tu kwa siku zinazuia kiseyeye. Zinazobaki ni za kuufanya mwili ufanye kazi bila kubana matumizi.

Kazi yenyewe ni ipi? Kubwa ni kutengeneza kolajeni, protini inayoushikilia mwili pamoja. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba kolajeni ni kama kamba zinazofunga fito kwenye nyumba ya udongo: huzioni, lakini zikioza nyumba inaachia. Ndiyo maana kiseyeye kinaanzia kwenye fizi zinazovimba na kuvuja damu, ngozi inatoka madoa ya damu, kidonda hakifungi, hata kovu la zamani linaweza kufunguka upya. Vitamini C pia inasaidia kinga ya mwili, na inafanya kazi moja kwenye madini ya chuma ambayo nitaieleza nikifika kwenye maharage, kwa sababu hapo ndipo mama wa kawaida wa Mbeya au Iringa anapofaidika zaidi.

Ukiwa sokoni

Nenda asubuhi. Ukifika Mwanjelwa au Soko Matola saa moja, mboga za majani bado zina umande. Ukifika saa kumi jioni zimekaa juani siku nzima na muuzaji amezirushia maji mara kadhaa ili zionekane hai. Jani lililonyauka limeshapoteza sehemu ya vitamini C yake kabla hujalipia. Chagua fungu ambalo mashina yake yakivunjwa yanalia, na majani ya nje hayajaanza kuwa ya njano. Ukilazimika kununua jioni, nunua kabichi. Kabichi imejifunika yenyewe, ndani inabaki salama siku nyingi, na ikiwa mbichi ina kama miligramu 37 katika gramu 100.

Mboga iliyokwisha kukatwa, ile inayouzwa kwenye vifuko vya nailoni kwa ajili ya watu waliotoka kazini, mimi siinunui. Najua inaokoa muda. Lakini jani likikatwa, vimeng'enya vyake vinakutana na hewa na kuanza kuiharibu vitamini C palepale, na mboga ile imekatwa nyembamba tangu mchana. Mwombe muuzaji akupe fungu zima. Hata bei huwa nafuu.

Kwenye matunda tuna heshima zisizo na msingi. Mgonjwa akilazwa, ndugu wanamletea matufaa yanayong'aa, yametoka mbali na yamekaa kwenye friji miezi. Tufaa lina kama miligramu 5 katika gramu 100. Peasi ni hivyohivyo, na mafyulisi yetu ya Njombe na Makete, matamu kweli, yako karibu na 7. Ndizi, 9 hivi. Parachichi, ambalo siku hizi Rungwe na Njombe tunalisafirisha hadi Ulaya, lina 10. Naandika hivyo nikiwa na miti ya parachichi shambani kwa mume wangu Tukuyu, na ninalila karibu kila siku kwa mafuta yake mazuri. Ila kwa habari hii ya leo, siyo lenyewe.

Lenyewe ni pera. Gramu 100 za pera zina miligramu zaidi ya 200, mara nne ya chungwa, ambalo lina 53. Pera moja la ukubwa wa kawaida linamaliza mahitaji ya mtu mzima na kubakiza, nasi tunaliachia watoto na ndege. Kula na ganda lake, maana nyingi iko huko nje karibu na ganda. Baada ya pera linakuja papai (kama 60), halafu chungwa, nanasi (karibu 48), embe (36, na embe za Kyela na za bonde la Usangu zikianza kushuka mwisho wa mwaka hakuna sababu ya kukosa), pesheni na tunda damu kwenye 30 hivi. Hesabu hizi zinapanda na kushuka kwa aina, udongo na kuiva. Zichukue kama mpangilio wa nani yuko mbele ya nani.

Ukipita Ruaha Mbuyuni na basi, nunua ubuyu, lakini nunua ule mkavu, mweupe, usiotiwa rangi wala sukari. Kiwango chake kinatofautiana sana mti na mti, ila ubuyu kwa kawaida unalishinda chungwa mbali. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa, koroga, chuja, kunywa siku hiyohiyo. Kuuchemsha ubuyu jikoni nusu saa pamoja na sukari na rangi nyekundu ni kutengeneza peremende. Wajukuu wangu wanaipenda, siwazuii, ila siihesabu.

Kiazi, ambacho hakisifiwi

Ukimwuliza mtu vitamini C inatoka wapi atakwambia chungwa. Hakuna anayetaja kiazi mviringo. Lakini kiazi kibichi kilichochimbwa karibuni kina kama miligramu 20 katika gramu 100, na kikichemshwa na ganda lake zinabaki kama 13. Ni kidogo, mpaka ukumbuke tunavyokila. Sahani ya viazi vya kuchemsha hapa kibandani haipungui gramu 400, kwa hiyo mtu anaondoka na miligramu 50 bila kugusa tunda. Watu wa Uporoto, Makete na Njombe wanaokula viazi asubuhi na jioni wamekuwa wakijilinda hivyo bila kuambiwa. Kule Ireland watu maskini waliishi kwa viazi na maziwa bila kiseyeye; ugonjwa wa mimea ulipoangamiza viazi kuanzia mwaka 1845 na wakapewa unga wa mahindi wa msaada, kiseyeye kikaibuka. Mahindi makavu hayana vitamini C hata chembe. Ugali ni huohuo, hata ukiwa wa dona.

Namna ya kukitunza kiazi:

Chemsha kikiwa kizima na ganda. Osha kwa brashi au gunzi, subiri maji yachemke kwanza, ndipo utumbukize viazi na kufunika. Ukivianzisha kwenye maji baridi vinakaa muda mrefu kwenye joto lile la katikati ambalo vimeng'enya waharibifu bado wako hai. Menya vikiiva, ganda linatoka jembamba.

Usiloweke viazi vilivyomenywa. Hapa nawasema wenzangu wa chipsi, na wanajua. Viazi vinamenywa alfajiri, vinakatwa, vinatiwa kwenye ndoo ya maji visiwe vyeusi, vinakaa humo hadi saa nane mchana, maji yanamwagwa. Vitamini C inayeyuka kwenye maji. Kata unapohitaji, suuza mara moja, kausha kwa kitambaa safi, tia kwenye mafuta yaliyopata moto. Kiazi kilichokaushwa hakinywi mafuta mengi, kwa hiyo faida ya mfuko ipo pia.

Usivikalie na gunia. Kiazi cha akiba kinapungukiwa vitamini C mwezi hadi mwezi. Baada ya miezi mitatu imebaki kama nusu. Anayenunua gunia Isyonje kwa sababu bei imeshuka ajue hilo na aongeze mboga. Weka stoo yenye baridi na giza. Kilichogeuka kijani kwa kupigwa na mwanga kina sumu. Kata sehemu hiyo kwa kina, na kama kimekuwa kijani chote, tupa.

Majani: hapa ndipo tunapoteza

Nikipita majikoni kwa watu naona mlolongo uleule. Mboga inakatwa nyembamba kama uzi. Inaoshwa baada ya kukatwa, inakamuliwa kwa mikono miwili mpaka maji ya kijani yatiririke. Inachemshwa kwenye maji mengi yenye magadi, maji yanamwagwa. Kisha inaungwa kwa kitunguu na nyanya, inaachwa jikoni ikisubiri ugali na baba mwenye nyumba. Sukuma wiki mbichi ina miligramu zinazokaribia 90 au kupita, mchicha na chainizi zaidi ya 40. Mboga iliyopitia njia hiyo inafika mezani na rangi tu.

Fanya kinyume chake, kwa mpangilio huu.

Osha majani yakiwa mazima, chini ya maji yanayotiririka au kwenye beseni mara mbili haraka, usiyaache yalale humo. Kung'uta. Ndipo ukate, kwa kisu kikali, vipande vya upana wa kidole. Kisu butu kinaliponda jani, na jani lililopondwa linaharibika haraka zaidi. Kukata nyembamba kwa mboga ngumu kama sukuma wiki nimekubali kwa sababu ya wazee wasio na meno, lakini basi iende jikoni papo hapo.

Unga mchuzi kwanza, majani yaje mwisho. Kitunguu, nyanya, karoti ukipenda, na kama ni mboga ya karanga acha karanga ichemke hadi iive kabisa na mafuta yake yatokee. Kila kitu kikiwa tayari na ugali umeshaanza kusongwa, tia majani, funika, dakika tatu hadi tano kwa mchicha na chainizi, saba nane kwa sukuma wiki au majani ya maboga. Usiongeze maji, majani yana yake. Kifuniko ni muhimu: joto likiwa pamoja na hewa ndilo linaloiua vitamini hii upesi. Ukipika hivi unaweza kubakiza nusu au zaidi, na kwenye sukuma wiki nusu ni nyingi.

Magadi usiweke kabisa kwenye mboga. Najua yanafanya kijani king'ae na jani lilainike, na najua mama mkwe aliweka. Vitamini C ni asidi, inadumu penye uchachu. Magadi yanaigeuzia mazingira na inavunjika mara moja. Kwenye maharage wanayoyatetea kwa kusema huku juu yanachelewa kuiva, na kweli: Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Dawa yake ni kuloweka maharage usiku kucha na kuyafunika yakichemka. Maharage makavu hayana vitamini C ya kupoteza, ila magadi yanaharibu vitamini B1 iliyomo.

Maji yaliyochemshia mboga yasimwagwe, yapunguzwe yawe mchuzi. Mnafu ni hadithi yake. Wapo wanaoula na uchungu wake, na wapo wasioweza bila kumwaga maji ya kwanza. Mimi nauchanganya na mchicha ili uchungu upungue, na mteja anayetaka uliomwagwa maji nampa na kachumbari pembeni.

Kisamvu kiache kichemke sana. Hapa sitaki mtu aniambie kwamba nimemfundisha kupunguza muda. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi ambayo inaondolewa kwa kutwanga na kuchemsha wazi kwa muda mrefu, na vitamini C yake inakwenda pamoja nayo. Kula kisamvu kwa protini na utamu wake, vitamini C itafute kwingine. Mboga za kukausha juani nazo ziko kundi hilo: zinabaki na madini, lakini jua limeshachukua yetu.

Kiporo cha mboga, kwa kifupi, kimekwisha nguvu. Kibandani napika mboga saa tano na tena saa nane, sufuria ndogo ndogo, badala ya sufuria moja kubwa inayokaa juu ya mkaa mchana kutwa. Vijana wanaonisaidia walinung'unika kwa sababu ya vyombo vya kuosha. Wateja wa saa tisa hawajanung'unika.

Kachumbari, na limau lisilostahili sifa zote

Nyanya za Ilula zina kama miligramu 14, siyo nyingi, ila tunazila mbichi na kila siku. Pilipili hoho ya kijani ina 80, nyekundu iliyoiva inapita 120. Kwa hiyo kachumbari ya nyanya na kitunguu peke yake ni pambo. Weka hoho nzima na kabichi mbichi iliyochanwa, hapo imekuwa chakula. Osha kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, maana homa ya matumbo huku hatuihadithiwi. Kata wakati ugali unapakuliwa. Chumvi na limau mwisho kabisa.

Limau lina sifa kubwa kuliko uwezo wake. Juisi ya nusu limau ina chini ya miligramu 10. Faida yake ya pili ni uchachu, unaochelewesha kuharibika kwa vitamini C ya vitu vingine kwenye bakuli. Usilikamulie kwenye supu inayochemka. Epua, pakua, kamulia kwenye sahani. Na usikamue jagi la juisi asubuhi ili linywewe jioni.

Waingereza walijifunza hilo kwa machungu. James Lind, daktari wa meli ya Salisbury, mwaka 1747 aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi na tiba yake: siki, maji ya bahari, na kadhalika. Waliopewa machungwa na malimau walikuwa karibu wamepona ndani ya wiki. Jeshi la majini lilichukua hadi 1795 kuamua kuwapa mabaharia wote juisi ya limau, na kiseyeye kikapungua sana. Halafu karne iliyofuata wakabadilisha, wakachukua ndimu za visiwa vya Karibiani ambazo zina vitamini C kidogo zaidi, juisi ikapitishwa kwenye mabomba ya shaba na kukaa kwenye mwanga na hewa. Shaba inaiharibu vitamini C vibaya mno. Msafara wao wa Ncha ya Kaskazini wa 1875 ulikuwa na juisi ya ndimu melini, na watu wakaugua kiseyeye. Sufuria zetu za alumini hazina neno hilo.

Maharage, ugali, na chai yetu

Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na majani ni magumu kwa tumbo kuyachukua, tofauti na yale ya nyama. Vitamini C ikiwemo kwenye mlo huohuo inayageuza yawe katika hali inayonyonyeka, na kiasi kinachoingia mwilini kinaongezeka sana. Neno la kushika ni "mlo huohuo". Pera la saa kumi halisaidii maharage ya saa saba. Kwa mjamzito na msichana aliyevunja ungo, ambao damu ndiyo shida yao, kachumbari yenye hoho au kipande cha papai kando ya ugali na maharage kina thamani ambayo haionekani kwa macho.

Chai inafanya kinyume. Rungwe na Mufindi ni mashamba ya chai, na sisi tunaiteremshia chakula: ugali, kisha kikombe cha rangi, moto. Tanini za chai zinayashika madini ya chuma tumboni na kuyazuia. Sikatazi chai, ningewezaje na mume Mnyakyusa? Nasema isubiri saa moja baada ya kula. Wajawazito wanaomeza vidonge vya kuongeza damu wasivimeze kwa chai kabisa. Maji, au juisi ya chungwa.

Vidonge na baridi ya Juni

Juni na Julai kukiwa na umande wa barafu Makete na Kitulo, maduka ya dawa yanauza vitamini C sana. Imani hiyo ilipata nguvu tangu mwaka 1970, Mmarekani Linus Pauling, aliyewahi kupata Nobel mara mbili, alipoanza kuhimiza vipimo vikubwa dhidi ya mafua. Majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha hivi: kwa watu wa kawaida kumeza kila siku hakuzuii mafua kuja. Kunayafupisha kidogo, kama asilimia 8 kwa wakubwa na 14 kwa watoto. Ukianza kumeza baada ya kamasi kushuka, faida haionekani. Walioonekana kuzuiwa mafua kweli ni watu wa shurba nzito, wakimbiaji wa masafa marefu na wanajeshi kwenye baridi kali.

Kwa hiyo dereva anayeniomba maji ya kuyeyushia kidonge chake cha miligramu 1,000 nampa maji, na namwambia kwamba kadiri kipimo kinavyokuwa kikubwa ndivyo tumbo linavyochukua sehemu ndogo, na kinachozidi anakikojoa. Mpaka wa juu kwa mtu mzima ni 2,000 kwa siku; kupita hapo ni kuharisha, na kwa wenye historia ya mawe ya figo hata chini ya hapo ni hatari, wamwone daktari kwanza. Vile vya kutafuna visifanywe pipi ya watoto, asidi yake inakula meno.

Fizi kuvuja damu kwa watu wengi kunatokana na utando wa uchafu kwenye meno, siyo kiseyeye. Nenda kwa daktari wa meno kabla ya kununua kopo la vidonge.

Watoto, na wazee wa peke yao

Mtoto wa chini ya miezi sita anaipata kwenye maziwa ya mama, ikiwa mama anakula vizuri. Baada ya hapo anaingia kwenye uji, na uji, hata ule wa lishe wenye nafaka nyingi na karanga, hauna vitamini C. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yana kidogo mno. Mpe papai lililopondwa pembeni, au acha uji upoe hadi wa kunyweka ndipo uchanganye pesheni iliyochujwa. Pera ponda, pitisha kwenye chujio mbegu zibaki.

Ninaowaogopea zaidi ni wazee. Mzee anayeishi peke yake kijijini, meno yameisha, anasonga ugali kidogo, anateremsha kwa chai, siku nyingine chakula chake ni ulanzi. Vitamini C haipo mahali popote kwenye ratiba hiyo. Akianza kuchoka bila sababu, miguu inauma, madoa ya damu yanatokea kwenye mapaja na kidonda kidogo hakifungi, apelekwe hospitali na mweleze daktari anachokula, kwa sababu ni rahisi watu kusema ni uzee. Kiseyeye kikitibiwa kinapona haraka, nafuu inaanza ndani ya siku chache.

Ukienda kumsalimia, baada ya "kamwene" na habari za mashamba, angalia jikoni kwake kuna mboga gani. Mpelekee papai lililoiva, maana halihitaji meno, na viazi ambavyo mtamchemshia na maganda na kumpondea kwa maziwa. Mche wa mpera ukiupata, panda karibu na mlango wake. Huku katikati, kuanzia Iringa mjini hadi Mbeya na Tukuyu, unaota bila kubembelezwa. Makete na sehemu za Njombe zenye barafu usiupoteze mpera wako, pandeni tunda damu na sukuma wiki. Sukuma wiki huvumilia baridi, na mzee anaweza kuchuma majani mawili matatu kila siku wakati ugali uko jikoni.